Dole Katika Mstari wa Bibi Angelina

Jumapili, 10 Desemba

Sijamwambia mtu yeyote, hata Mama: dole gumba lililo mbele ya jina la Bibi Angelina, namba hamsini na saba kwenye mahudhurio ya mkutano wa mtaa wa tarehe 18 Novemba, si la Bibi Angelina. Ni langu. La kushoto.

Nimenunua daftari hili ili niliseme mahali. Kwa mdomo siwezi. Shuleni nanyamaza kwa Kiingereza, nyumbani nanyamaza kwa Kiswahili, na watu wanasema Ruthu wa mwenyekiti ana heshima. Si heshima. Ni woga uliovaa sketi ndefu.

Ilikuwa hivi. Baba ndiye mwenyekiti wa mtaa wetu wa Chilugu, na mimi nina mwandiko mzuri, kwa hiyo kila mkutano nakaa kwenye kiti cha plastiki karibu naye naandika mahudhurio. Siku ile ajenda ilikuwa kioski cha maji. Akidi ni watu sitini. Nilipohesabu walikuwa hamsini na wawili. Huku kwetu kusainiana ni kawaida. Mtu anakuambia nisainie, nimeacha mboga jikoni, nawe unamsainia. Baba akainama sikioni kwangu: "Jazia majirani. Wale ambao wangekuja. Si wote tunajuana?"

Nikajazia kumi na mmoja. Kila mmoja nikambunia sahihi yake. Ya fundi seremala niliikunja kama maranda ya mbao. Ya mama mwenye duka niliipa mkia mrefu. Na hapa ndipo ninapoona aibu zaidi: nilifurahia. Nyuma ya madaftari yangu yote kuna sahihi za watu ambao hawapo duniani, sasa nilipata watu wa kweli wa kuwatungia. Nilipofika kwa Bibi Angelina, ambaye hajui kuandika na siku zote huweka dole, nikabonyeza dole langu kwenye pedi ya wino nikalibandika. Bibi hakuwepo. Alikuwa Mvumi, kliniki ya macho. Nilijua. Asubuhi ile nilimwona akitoka na kikapu na ile kanga yake ya safari.

Wino ulikaa kidoleni siku tatu. Nilisugua kwa majivu.

Nilidhani ni kioski cha maji tu. Juzi Ijumaa wakaja watu wawili na bango la bati, wakalichimbia pale uwanjani.

Jumatatu, 11 Desemba

Mawingu yalikuja mchana, yakatuangalia, yakaondoka. Joto.

Jumanne, 12 Desemba

Leo nilitumwa chumvi. Nikapita pembeni ili nisilione bango, lakini Bibi Angelina alikuwa amesimama mbele yake, na mbuzi wake watatu wanajikuna kwenye nguzo zake.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Njoo unisomee. Macho yangu yanaona rangi tu, na hata yangekuwa mazima yasingesaidia."

Nikasoma. Kusudio la kubadili matumizi ya ardhi, kutoka eneo la wazi kuwa makazi na biashara. Mwombaji, Bwana Stanley fulani na kampuni yake. Mwenye pingamizi aliwasilishe kwa maandishi ofisi ya ardhi ndani ya siku thelathini. Halafu mstari wa mwisho nikausoma kwa sauti ndogo: wananchi wa mtaa wameridhia katika mkutano wao wa tarehe 18 Novemba.

"Wameridhia akina nani?"

"Wananchi, Bibi."

"Mimi si mwananchi?"

Bibi akamvuta mbuzi mmoja sikio kana kwamba yeye ndiye aliyeridhia.

Niandike kuhusu uwanja huu, maana kila mtu anauona ni vumbi tu. Mtaa mzima ulikuwa mashamba ya mtama na uwele. Miaka sita iliyopita walipokuja wapima kurasimisha, kila mwenye shamba alikatwa kipande cha barabara, na ikatakiwa pia sehemu moja iachwe wazi, maana mchoro wa mipango miji haupitishwi bila eneo la wazi. Watu wote walivuta miguu. Bibi ndiye aliyesema chukueni kona yangu ya chini. Hakulipwa. Aliwaambia wapima, "Pale hata mume wangu hakulima. Pale maji hulala. Mkijenga mtayaamsha." Wakacheka, wakaweka bikoni nne za mipaka, na kwenye mchoro wakapaka rangi ya kijani. Kiangazi vijana wanacheza mpira pale na kwaya inafanyia mazoezi. Masika maji yanalala, bata wanakuja, maji yanazama polepole, basi.

Mchoro ule uko ofisini kwa Baba, ukutani. Nikiwa mdogo nilidhani ile kijani ni bustani inayokuja.

Ijumaa, 15 Desemba

Dada Bupe amekuja nyumbani. Ni mpangaji wa nyumba ya jirani, mtu wa Tukuyu, anafanya kazi bungeni, kwenye Hansadi: kazi yake ni kusikiliza walichosema watu na kukiandika kilekile, hata kama wao wenyewe wanataka kukikana. Alisimama mlangoni na viatu mkononi kwa sababu ya vumbi.

"Shikamoo Mwenyekiti. Mimi sikuwepo tarehe kumi na nane, nilikuwa kazini. Naomba nione muhtasari."

Baba akasema, "Uko kwa mtendaji. Kuna nini, dada yangu?"

"Nataka tu kujua nani alisema nini."

"Walisema ndiyo."

"Wote kwa pamoja? Hata bungeni hawafanyi hivyo." Akacheka. Baba naye akacheka. Mimi nilikuwa nachambua mlenda, nikajikuta nachambua na majani mazuri natupa.

Nakumbuka vizuri. Kwenye mengineyo, watu wakiwa wameshasimama wanakung'uta makalio, Baba alisema kuna mtu anaomba kukiendeleza kile kiwanja cha chini. Mtu mmoja akapiga kelele, "Akiendeleze na vyura!" Watu wakacheka wakaenda kwao. Hicho kicheko ndicho kilichoandikwa kwenye muhtasari kwamba wameridhia kwa kauli moja.

Jumapili, 17 Desemba

Baada ya ibada Dada Bupe alikuwa na nakala. Aliwakusanya watu sita saba nje ya kanisa, akasoma majina. Watu sitini na watatu. Nilisimama nyuma ya Mama.

Nilitegemea wale kumi na mmoja waseme hatukuwepo. Fundi seremala akasema, "Mimi? Nadhani nilikuwepo. Au mke wangu alinisainia." Mama mwenye duka akasema yeye kila mkutano huwa anakuja, hata asipokuja. Hakuna aliyeshtuka. Kila mtu anajua kwamba jina lake linaweza kwenda mahali bila yeye.

Ila Bibi.

"Mimi nilikuwa Mvumi."

Baba alikuwa anapita, akasimama. Akamsemesha kwa upole, na huo upole ndio unaoniuma hadi sasa: "Mama, Mvumi ulienda mwezi wa kumi. Mkutanoni ulikuwepo, ulikaa pale karibu na tangi. Dole lako hili hapa."

Bibi akaisogeza karatasi mpaka puani. Akaliangalia dole langu kwa muda mrefu. Halafu akatazama dole lake mwenyewe.

"Hili ni langu?"

"Umri, Mama. Wote tunaelekea huko."

Watu wakaguna kwa huruma. Mtu mmoja akamshika bega. Bibi akasema, "Labda," akainamisha kichwa, na sijawahi kumsikia Bibi Angelina akisema labda.

Jumatano, 20 Desemba

Mvua ya kwanza. Robo saa. Vumbi lilinuka, tukatoka wote kunusa.

Alhamisi, 21 Desemba

Nimejaribu kumwambia Mama. Tulikuwa tunapepeta uwele. Nikasema, "Mama." Akasema, "Ee?" Nikasema, "Pumba nimwage wapi?"

Jumamosi, 23 Desemba

Matipa yamekuja. Manne, toka asubuhi. Wanamwaga kifusi uwanjani, chekundu, kutoka sijui mlima gani. Siku thelathini ndiyo kwanza zimefika nusu. Dada Bupe alikwenda kusimama mbele ya tipa la kwanza na kofia yake ya jua.

"Kibali kiko wapi?"

Dereva akatoa kichwa dirishani. "Dada, mimi nimeambiwa mwaga. Ukitaka kibali kaulize aliyeniambia."

"Na aliyekuambia yuko wapi?"

"Krismasi, dada. Watu wako Krismasi."

Akamwaga pembeni yake. Vijana wa mpira wakakaa juu ya kifusi kuangalia, kama wapo uwanja wa taifa.

Nilimuuliza Baba jioni, nikiwa nampa maji ya kunawa, sauti ikitoka kama ya panya: "Baba, wanaruhusiwa kumwaga kabla?" Akanitazama kama ndiyo kwanza amegundua kwamba naishi hapa. "Na wewe umeanza?" Nikamimina maji nje ya beseni.

Jumatatu, 25 Desemba

Krismasi. Wali, kuku mmoja, watu tisa. Bibi Angelina alikuja na maziwa. Alifunga fundo kwenye pindo la kanga. Mama akamuuliza la nini. "La kukumbuka kwamba nimekuja kwenu."

Alhamisi, 28 Desemba

Leo niandike kwa kirefu, maana nimemchukia Baba wiki mbili na sasa siwezi tena, na kumchukia kulikuwa kunanipumzisha.

Mvua ilinyesha usiku, barabara ikawa uji. Asubuhi nilikwenda ofisini kwake kumpelekea chai. Ofisi ni chumba kimoja, meza, bendera, na mchoro. Alikuwa ameegemea dirisha anaangalia bodaboda iliyozama mpaka injini, na wenyewe wanaisukuma huku wamebeba viatu shingoni.

Akasema bila kugeuka, "Unakumbuka mwaka jana, mwezi wa pili?"

Nakumbuka. Mama aliposhikwa na uchungu mvua ilikuwa imekatisha barabara palepale. Bajaji ikazama. Baba na majirani wakambeba Mama kwenye kitanda cha kamba hadi lami, saa mbili nzima. Luka akazaliwa amechoka. Ndivyo nesi alivyosema, mtoto amechoka. Aliishi siku mbili.

"Nimeandika barua tano za kuomba barabara," Baba akasema. "Tano, Ruthu. Mbili umeziandika wewe. Wanajibu, bajeti. Huyu Stanley ameniambia, mimi nikijenga pale malori yangu yanahitaji njia, nitaweka changarawe na kalavati mpaka lami. Ameniwekea kwa maandishi." Akanywa chai. "Nimechoka kuwa mwenyekiti wa matope. Kile kiwanja hakuna anayekitumia ila mbuzi na bata."

Nilitaka kusema: na maji. Nilitaka kusema: na Bibi, ambaye umemwambia amesahau. Nikasema, "Chai ina sukari?"

"Ina. Asante mama."

Huwa ananiita mama akiwa na huzuni. Nilirudi nyumbani nimebeba viatu shingoni na mimi.

Jumatatu, 1 Januari

Mwaka mpya. Nimeosha sare.

Jumanne, 2 Januari

Mvua toka saa nane mchana mpaka kumi na moja. Kubwa.

Nilikuwa sebuleni nikasikia watu wanaita. Maji yanayoshuka kutoka juu kwenye viwanja vipya, ambayo kila mwaka huenda kulala uwanjani, yalifika yakakuta kifusi. Yakasimama kidogo. Nilikuwa dirishani, niliyaona yakisimama. Halafu yakageuka kushoto, na kushoto ni kwa Bibi Angelina.

Tulikimbia wote, Baba mbele. Maji yalikuwa magotini ndani ya nyumba. Masufuria yanaelea yanagongana. Baba alimbeba Bibi mgongoni, Mama akashika mbuzi wawili, mmoja hatukumwona tena. Mimi niliingia kuchukua godoro, likawa zito kama ng'ombe. Bibi mgongoni kwa Baba alikuwa anapiga kelele, "Biblia! Iko dirishani, Biblia!" Nikaikuta sakafuni, imefumba, inatoa maji mekundu.

Biblia ile haitumii kusomea, yeye hajui kusoma. Ndiyo kabati lake la karatasi.

Jumatano, 3 Januari

Bibi yuko kwetu, kitandani kwangu. Mimi nalala chini kwenye mkeka. Hapa nimelazimika kuandika nikiwa bafuni.

Leo tulianika karatasi zake kwenye kamba, moja moja, kama nguo za mtoto. Picha ya mumewe. Kadi ya ubatizo. Karatasi ya wapima yenye namba ya kiwanja. Na kadi ya kliniki ya macho ya Mvumi. Dada Bupe aliiona akaruka: "Hii! Hii ina tarehe!" Akaishika kwa ncha za vidole kama yai. Wino wote umekwenda. Imebaki rangi ya bluu kama mawingu, na mahali penye tarehe ni wingu moja kubwa.

"Si neno," Dada Bupe akasema. "Mvumi wana daftari lao. Twende tukawaulize."

Bibi akakataa. "Niende nikawaulize watu kama mimi nilikuwa mahali fulani? Wataniandikia dawa ya kichwa." Halafu akasema polepole, "Na kama wakiniambia ulikuja mwezi wa kumi, Bupe? Nitarudi na nini?"

Hataki kwenda kwa sababu anaogopa Baba asije akawa amesema kweli.

Ijumaa, 5 Januari

Barua ya pingamizi imepelekwa, ina sahihi za watu kumi na tisa. Dada Bupe aliniomba niinakili kwa mwandiko wangu, nikainakili. Mkono wangu uko pande zote mbili sasa. Ofisi ya ardhi wameipokea vizuri, wamegonga muhuri. Wamesimamisha matipa, na afisa mipango miji atakuja mwenyewe Jumamosi ya tarehe 13 kusikiliza hapohapo uwanjani. Ila yule karani alimwambia Dada Bupe jambo moja: kama ule mkutano una akidi, ni halali, na watu kumi na tisa hawawezi kuwashinda sitini na watatu.

Sitini na tatu toa kumi na moja. Hata mtoto wa darasa la pili anaweza.

Jumatatu, 8 Januari

Shule. Kidato cha tatu. Mwalimu wa Jiografia, madam Emilia, aliandika ubaoni "Land use" akauliza nani ataje mfano. Nilijua yote. Niliangalia dawati.

Jumanne, 9 Januari

Mvua ndogo. Baba ameweka mifuko ya mchanga mlangoni kwa Bibi, peke yake, kuanzia kazi ilipoisha mpaka giza lilipoingia. Hakuniomba nimsaidie na sikujitolea.

Jumatano, 10 Januari

Nilitoka shule nikamkuta Bibi amekaa jikoni, sufuria tupu mapajani.

"Mjukuu wangu, leo nimekula?"

"Mama anasema mlikula ugali na mlenda, Bibi."

"Nilikula mimi, au walikula wao nikiwepo?"

"Ulikula."

Pindo la kanga yake sasa lina mafundo saba au nane, moja juu ya jingine, mpaka limekuwa gumu kama kamba. Akayapitia kwa kidole. "Hili nimesahau la nini. Hili pia. Hili ni la mbuzi aliyekwenda na maji." Akaliachia pindo. "Unajua, kuchoka kwa mwili nimekuzoea. Nimelima tangu sijawa na meno yote. Lakini huku kuchoka kwingine, kwa kujiuliza kila saa, hili nililiona au nililiota, huku sijui kunapumzikwa wapi."

Hakuwa mgonjwa. Miezi miwili iliyopita alikuwa anatutajia ukoo wa kila mbuzi mpaka bibi yake mbuzi. Hana ugonjwa wa kichwa. Ana ugonjwa wa dole langu.

Nilikwenda nyuma ya choo nikalia. Mama akaita niko wapi, nikasema nafagia.

Alhamisi, 11 Januari

Nimefanya mazoezi ya sentensi moja njia nzima kwenda na kurudi shule. Kwa Kiingereza ilitoka vizuri. Kwa Kiswahili ilinikwama, maana kwa Kiswahili ni kweli.

Ijumaa, 12 Januari

Ni jioni, jua bado lipo. Naandika mezani sebuleni, si bafuni.

Leo ni sikukuu ya Mapinduzi, hakuna shule. Mama alikwenda sokoni, Baba ofisini kupanga viti vya kesho ingawa ni sikukuu. Tulibaki mimi na Bibi. Alikuwa uani kwenye mkeka, anaanua karatasi zake zilizokauka, anazirudisha kwenye Biblia iliyovimba kama mkate. Nilikaa. Nilihesabu mpaka kumi. Nikahesabu tena.

"Bibi, hukusahau."

"Nini?"

"Hukusahau kitu. Tarehe kumi na nane ulikuwa Mvumi. Nilikuona ukitoka na kikapu. Ulivaa ile kanga ya safari. Mkutanoni hukuwepo."

Akaacha mikono juu ya Biblia. "Sema tena."

"Hukuwepo, Bibi."

"Na lile dole?"

Nikamwonyesha dole langu. Nililinyoosha tu mbele yake. Akalishika. Akalivuta karibu na macho kama alivyofanya na ile karatasi, akaligeuza huku na huku. Vidole vyake ni vigumu, dole lake lina ufa katikati uliokatwa na jembe zamani. Dole kama lake lisingeweza kuacha alama nzima vile hata siku moja. Mtu yeyote angeliangalia kwa makini angejua. Hakuna aliyeliangalia.

Nilingoja anipige. Bibi akacheka. Kicheko kilitoka kidogo, kisha kikubwa, mpaka mbuzi wakageuka. "Mungu wangu. Kumbe ninacho kichwa!" Akapiga mkeka. "Ninacho!" Halafu akaanza kufungua mafundo ya kanga, moja baada ya jingine, anatumia meno kwa yale magumu, na machozi yanamtoka huku anacheka, na mimi sijui nifanye nini na mikono yangu.

Alipomaliza akajifuta uso kwa kanga. Akaniuliza, bila ukali, "Uliandika mwenyewe au uliambiwa?"

"Niliambiwa nijazie majirani. Wewe nilikuchagua mwenyewe."

"Kwa nini mimi?"

"Nilijua hutakasirika."

Hilo ndilo lililomuuma. Niliona. Akaangalia pembeni, kule kwenye kifusi, na kwa muda mrefu hakuwa bibi yangu wala jirani, alikuwa mtu mzima tu niliyemfanyia vibaya.

"Basi nimekasirika," akasema. "Ujue hivyo."

"Ndiyo Bibi."

"Na baba yako alinibeba mgongoni. Nalo nalijua." Akakunja kanga yake, ilikuwa imejaa mikunjo ya mafundo. "Mimi sitamwambia. Si kazi yangu kumwambia mtu habari za mwanawe. Kesho yule afisa akija nitasema nilikuwa Mvumi, nitasema kwa sauti, wala sitasema labda. Wewe tafuta utasema lini. Lakini baba yako asije akayasikia pale uwanjani mbele ya watu. Aibu hiyo usimpe."

Basi nimekaa hapa toka saa kumi. Nimeandika ukurasa wa upande wa kulia, kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote. Nimeandika: Mimi Ruthu Methusela, mwandishi wa mahudhurio ya mkutano wa tarehe 18 Novemba, nathibitisha kwamba waliohudhuria walikuwa hamsini na wawili. Majina kumi na moja yafuatayo niliyajaza mimi. Nikayaandika yote, na mbele ya kila jina nikairudia ile sahihi niliyoitunga, ili wakilinganisha wasiwe na shaka. Maranda ya seremala. Mkia wa mama mwenye duka. Safari hii sikufurahia, mkono ulikuwa mzito kama umebeba ndoo.

Sikuandika nani aliniambia. Hilo ni lake kulisema, kama atataka. Chini yake nimeandika jambo moja kwa ajili yake tu, si kwa afisa: Baba, barua ya sita ya barabara nitaiandika mimi, na ya saba, na nitasimama niisome.

Mbele ya jina la Bibi Angelina sikuwa na pedi. Nimefungua peni nikapaka wino wa bluu kwenye dole la kushoto, nikabonyeza. Limetoka zima, mistari yote, bila ufa.

Baba anakuja. Namjua kwa mabuti, la kulia lina tundu, likijaa matope linafyonza kila hatua. Amepita mifuko ya mchanga ya mlangoni kwa Bibi. Anamsalimia Bibi uani, Bibi anaitikia kwa sauti ya zamani kabisa, nadhani hata Baba ameshtuka maana amesimama. Sasa anakung'uta mabuti kwenye ngazi, moja, mbili.

Siku zote hapa ndipo ninapolifunga daftari na kulichomeka chini ya debe la unga. Mkono umeshaanza kwenda wenyewe. Nimeurudisha. Naligeuza daftari lielekee mlangoni, ukurasa wa kulia ukiwa wazi, nalaza peni pembeni, na dole langu bado ni bichi, sijalifuta.